Mwamba Ngoma Huvutia Kwake: Mtafiti na Mgogoro wa Ushairi wa Kiswahili

Mtahiniwa akiulizwa shairi ni nini, aghalabu hujibu kuwa ni utungo wenye vina, mizani, mishororo na beti. Mwenzake aliyetumia kitabu kingine atasema kuwa shairi ni utungo wa lugha teule na hisia nzito, uwe na vina au usiwe navyo. Wote wawili wamekariri matokeo ya utafiti. Swali linalozuka ni hili: ni utafiti wa nani, na mtafiti huyo alikuwa amesimama wapi alipoitazama fasihi? Makala haya yanadhamiria kuonyesha, kwa kufuata historia, jinsi malezi, imani na itikadi za watafiti zilivyoathiri fasili tunazofundisha madarasani.

Tuanze na wageni waliokusanya na kuchambua tungo zetu. Mwishoni mwa karne ya 19, William Taylor, mmishenari wa Kianglikana mjini Mombasa, alikusanya mashairi ya Muyaka bin Haji kwa msaada wa Mwalimu Sikujua, mwenyeji aliyeyajua na kuyafafanua. William Hichens aliyahariri, yakachapishwa mwaka 1940. Bila juhudi hizo huenda tungo nyingi za Muyaka zingepotea. Hata hivyo, kukusanya ni kuchagua, na anayechagua huongozwa na kile anachokithamini. Mfano bora ni Jan Knappert. Katika kitabu chake cha 1967 kuhusu ushairi wa jadi wa Kiswahili, aliuchunguza utenzi akitafuta dhana za Uislamu wa Afrika Mashariki. Alichokitafuta ndicho alichokipata. Nyimbo za kazi, za jandoni na za unyagoni, ambazo nazo ni ushairi, hazikuwa na nafasi kubwa katika mtazamo kama huo.

Wenyeji nao hawakuwa bila mtazamo. Mwaka 1954, Kaluta Amri Abedi alichapisha Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Abedi alikuwa sheikh, na baadaye akawa meya wa Dar es Salaam na waziri katika serikali ya Tanganyika. Kwake yeye, utungo usio na vina na mizani, na usioimbika, haukustahili kuitwa shairi. Si ajabu kwamba mtu aliyelelewa katika elimu ya dini na kuthamini nidhamu ya sheria aliuona ushairi kuwa fani yenye kanuni za kufuatwa. Kitabu hicho kikawa mwongozo wa wengi waliotaka kujifunza kutunga.

Miaka 20 baadaye mambo yalibadilika. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe na zao la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alitoa Kichomi, diwani iliyoyavalia njuga mashairi huru. Mwaka 1979 M. M. Mulokozi na K. K. Kahigi wakatoa Kunga za Ushairi na Diwani Yetu, wakitetea kwamba vina na mizani si uti wa mgongo wa ushairi. Tukumbuke kuwa hizi zilikuwa enzi za Ujamaa, baada ya Azimio la Arusha la 1967. Kiswahili kilikuwa lugha ya taifa zima, na wasomi wa bara walitaka fasili itakayowajumuisha wao na nyimbo za jamii zao. Hata majina ya vitabu yanadokeza msimamo: mwaka 1971 Shihabuddin Chiraghdin alihariri diwani ya Ahmad Nassir iitwayo Malenga wa Mvita, mwaka 1976 Mulokozi na Kahigi wakaja na Malenga wa Bara. Ibrahim Noor Shariff naye, Mzanzibari, akaandika Tungo Zetu mwaka 1988. Neno 'zetu' si la bahati nasibu.

Je, tuseme basi kwamba asili ya mtu ndiyo inayoamua yote? La hasha. Abdilatif Abdalla na Alamin Mazrui wote ni wana wa Mombasa, na wote walitiwa ndani na serikali kwa sababu ya maandishi na misimamo yao. Abdalla, aliyefungwa kuanzia 1969 hadi 1972, alitunga Sauti ya Dhiki kwa kuzingatia arudhi. Mazrui, aliyewekwa kizuizini mwaka 1982, alitumia mtindo huru katika Chembe cha Moyo. Kwa hivyo, mhakiki anayedai kuwa mwanamapokeo ni mhafidhina wa kisiasa, au kuwa kila mtu wa pwani hupinga mashairi huru, ametanguliza itikadi yake na kuwapuuza watunzi wenyewe.

Isitoshe, kuwapo kwa mitazamo tofauti hakuna maana kwamba kila dai ni sawa na jingine. Ushahidi upo. Anayedai kwamba vina na mizani ni mambo ya juzi atakwama mbele ya Utendi wa Tambuka, ulioandikwa Pate mwaka 1728 kwa hati za Kiarabu, wenye vina na mizani minane katika kila kipande. Anayedai kwamba kanuni zote zililetwa na Waarabu naye atakwama: arudhi ya Kiarabu hupima silabi ndefu na fupi, ilhali mizani ya Kiswahili huhesabu idadi ya silabi tu. Ushahidi huu haumpi ushindi kamili mwanamapokeo wala mwanamabadiliko. Ndiyo faida yake.

Kwa mintarafu hii, mwalimu anapofundisha fasili ya shairi, ni vyema ataje nani aliitoa, mwaka gani na katika mazingira gani. Amwambie mwanafunzi kwamba Abedi na Kezilahabi walijibu maswali tofauti. Mtahiniwa naye, akikutana na shairi huru katika Karatasi ya Tatu, asipoteze muda akilaumu ukosefu wa vina. Achunguze jinsi mishororo ilivyokatwa, takriri, taswira na mpangilio wa beti. Akipewa tarbia, asiishie kuhesabu mizani. Aeleze kanuni hizo zinaujengaje ujumbe.

Mwisho, sisi walimu pia tu watafiti kila tunapochagua mashairi ya kufundishia. Anayeleta darasani tungo za arudhi pekee, au mashairi huru pekee, naye anawamba ngoma na kuivuta ngozi kwake. Wanaoumia ni wanafunzi, kwani mtahini hachagui shairi kwa kufuata mapenzi ya mwalimu wao.