Mwigo na Uhuru wa Kucheka: Yaliyomo katika Jarida la Mad la Marekani

1. Utangulizi

Makala haya yanachunguza yaliyomo katika Mad, jarida la kejeli na hadithi za picha lililoanzishwa mjini New York mwaka 1952. Jina lake lina maana ya «mwenye wazimu», na kwa miaka mingi wazazi na walimu wa Marekani waliliona kuwa upuuzi wa watoto. Hata hivyo, mwaka 1974 nakala zilizouzwa za toleo moja zilizidi milioni mbili, na leo wanahistoria wa magazeti, wa sheria na wa lugha hulirejea mara kwa mara.

Karibu kila kilichochapwa humo kilikuwa mwigo wa kitu kingine: filamu, tangazo la biashara, wimbo, au hadithi ya picha ya kampuni nyingine. Swali linalojitokeza ni hili: chombo kinachoishi kwa kuiga wengine kinapataje sauti yake chenyewe, na nani anakipa ruhusa ya kuiga? Itaonyeshwa kwamba ruhusa hiyo haikutolewa bure. Ilipatikana kwa njia tatu, yaani kwa kubadili sura ya jarida, kwa kukataa fedha za matangazo, na kwa kushinda mahakamani.

2. Toleo la kwanza: kampuni inajicheka

Kampuni ya EC ilianzishwa na Max Gaines, naye alichapa, pamoja na mengine, visa vya Biblia kwa picha. Alipofariki mwaka 1947, mwanawe William Gaines alirithi kampuni na kuielekeza kwenye hadithi za kutisha, za uhalifu, za vita na za sayansi ya kubuni. Mhariri wake mmojawapo, Harvey Kurtzman, ndiye aliyeunda Mad.

Toleo la kwanza, la Oktoba na Novemba 1952, liliuzwa senti 10. Lilikuwa na hadithi nne, kila moja ikiwa na mchoraji wake. «Hoohah!» ya Jack Davis iliigiza hadithi za kutisha, «Blobs!» ya Wally Wood iliigiza hadithi za sayansi, ikionyesha watu wa zama zijazo wanaotegemea mashine kwa kila jambo, «Ganefs!» ya Will Elder iliigiza hadithi za wezi, na «Varmint!» ya John Severin iliigiza hadithi za wapiganaji wa Magharibi ya Marekani. Ikumbukwe kwamba aina kadhaa kati ya hizo ndizo EC yenyewe iliyokuwa ikiuza. Kejeli ilianzia nyumbani kabla ya kuelekezwa kwa jirani.

Zamu ya jirani ilifika katika toleo la nne, mwaka 1953. Hadithi «Superduperman!» ilimvua shujaa Superman utukufu wake na kumpambanisha na shujaa mwingine aliyefanana mno na Captain Marvel. Wasomaji waliofuatilia mambo walielewa fumbo lililokusudiwa, kwa sababu kampuni zilizomiliki mashujaa hao wawili zilikuwa zimeshtakiana kwa miaka mingi, moja ikidai kwamba nyingine imemwiga shujaa wake. Hivyo mwigo wa Mad ulikuwa na kauli ndani yake: uligeuza ugomvi wa wenye mali kuwa ngumi za vikaragosi.

3. Lugha ya jarida

Jina «Ganefs» linastahili kutazamwa na mwanaisimu. Shina lake ni la Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya ya Mashariki, nalo lina maana ya «mwizi». Kiambishi chake cha wingi ni cha Kiingereza. Gaines, Kurtzman, Elder na wengine kadhaa walitoka katika familia za Kiyahudi, na maneno ya nyumbani na mitaani mwao yaliingia jaridani bila kutafsiriwa. Utaratibu huu hautamshangaza anayesikiliza mazungumzo ya Lubumbashi, ambako kitenzi cha Kifaransa huvikwa viambishi vya Kiswahili na kuendelea na safari yake.

Neno jingine lililopata umaarufu ni «potrzebie». Hili ni umbo la nomino ya Kipolandi yenye maana ya «haja». Kurtzman alilikuta katika karatasi ya maelezo ya dawa iliyoandikwa kwa lugha nyingi, akalipenda kwa mlio wake, kisha akawa analipachika pasipo maana yoyote. Mnamo Juni 1957 Mad ilichapa mfumo mzima wa vipimo uliojengwa juu ya neno hilo, kipimo cha msingi kikiwa unene wa toleo la 26. Mtunzi wake alikuwa Donald Knuth, mwanafunzi wa umri wa miaka 19, ambaye baadaye alikuja kuwa mmoja wa wataalamu wakubwa wa sayansi ya kompyuta. Mzaha ulifaulu kwa kuwa ulifuata kanuni zote za mfumo wa metriki. Kilichokosekana ni sababu tu.

4. Kutoka kijitabu hadi jarida

Mwaka 1954 ulikuwa wa dhoruba. Daktari wa magonjwa ya akili, Fredric Wertham, alichapa kitabu kilichozishutumu hadithi za picha kwamba zinaharibu vijana. Tarehe 21 Aprili mwaka huohuo, Gaines alihojiwa na kamati ndogo ya Baraza la Seneti kuhusu uhalifu wa vijana. Alionyeshwa jalada lenye picha ya kichwa cha mwanamke kilichokatwa, akajibu kwamba kwa hadithi ya kutisha jalada hilo halikuvuka mipaka ya adabu. Jibu hilo halikumsaidia. Ili kuizuia serikali isiingilie kati, wachapishaji wenyewe waliunda kanuni za kujidhibiti, na maduka mengi yakakataa vijitabu visivyo na muhuri wake. Vijitabu vya kutisha vya EC vilikufa.

Mad ilinusurika. Katika toleo la 24, la Julai 1955, iliacha sura ya kijitabu cha senti 10 na kuwa jarida kubwa la senti 25. Gaines alikubali badiliko hilo hasa ili kumbakiza Kurtzman, aliyekuwa ameitwa kufanya kazi kwingine. Lakini matokeo yake yalikuwa mapana kuliko nia, kwani kanuni mpya zilihusu vijitabu vya hadithi za picha, hazikuhusu majarida. Kurtzman aliondoka mwaka 1956 baada ya kudai mamlaka juu ya sehemu kubwa ya mali, na nafasi yake ikachukuliwa na Al Feldstein.

5. Matangazo ya uongo na kurasa za kudumu

Chini ya Feldstein yaliyomo yalipata mpangilio uliodumu kwa miongo. Jaladani alikaa Alfred E. Neuman, kijana mwenye pengo la jino na tabasamu lisilo na wasiwasi. Ndani mlikuwa na filamu zilizoigizwa kwa kalamu ya Mort Drucker, vituko vya Don Martin, na michoro midogo ya Sergio Aragonés iliyojazwa pambizoni kuanzia mwaka 1963. Antonio Prohías, mchoraji wa Cuba aliyeikimbia nchi yake mwaka 1960, alianzisha mwaka 1961 kisa cha majasusi wawili, mmoja mweusi na mmoja mweupe. Kisa hicho hakikuwa na maneno. Majasusi hao walifanana kwa kila kitu isipokuwa rangi, na ushindi ulibadilishana mikono bila kumfikisha yeyote popote. Katika miaka ya Vita Baridi, hiyo ilikuwa hoja nzito kwa picha nyepesi. Mwaka 1964 Al Jaffee aliongeza picha ya kukunjwa: msomaji alipokutanisha kingo zake, picha ya kwanza ilitoweka na nyingine ikajibu swali lililoulizwa juu yake.

Lakini silaha kali zaidi ilikuwa tangazo la uongo. Mad iliiga matangazo ya sigara, ya pombe na ya dawa za meno kwa ustadi mkubwa: herufi zilezile, mwanga uleule, tabasamu lilelile, kisha neno moja likapotoka na ahadi yote ikaanguka. Kazi hiyo isingewezekana kama jarida lenyewe lingelishwa na kampuni hizohizo. Tangu mwaka 1957 hadi 2001 Mad haikupokea matangazo ya biashara. Ilitegemea senti za msomaji.

6. Kesi ya nyimbo

Mwaka 1961 Mad ilitoa mkusanyo wa maneno mapya ya kuimbwa kwa tuni za nyimbo maarufu. Noti za muziki hazikuchapwa. Msomaji alielekezwa tu tuni ya kutumia. Wenye haki za nyimbo hizo, zikiwamo za Irving Berlin, walishtaki kuhusu nyimbo 25. Mwaka 1964 Mahakama ya Rufani iliipa Mad ushindi kwa nyimbo zote hizo, na Mahakama Kuu ikakataa kuisikiliza kesi.

Jaji Irving Kaufman alieleza kwamba mwigo wa dhihaka hauna budi kuchukua kiasi fulani cha kazi ya asili, la sivyo msikilizaji hatatambua kinachochekwa. Alitia shaka pia kwamba mtunzi, hata awe mashuhuri kama Berlin, anaweza kudai umilki wa mizani ya ushairi. Anayejua utaratibu wa kujibizana katika ushairi wa Kiswahili atalielewa jambo hili upesi. Anayejibu hushika bahari na vina vya aliyeanza, na hapo ndipo jibu linapopata makali yake. Kushika mizani hakujawahi kuitwa wizi.

7. Upande wa pili

Haifai kulisifu jarida hili bila kulipima. Gaines aliwalipa wachoraji na waandishi kwa ukurasa, kisha kampuni ikabaki na haki zote za kazi zao. Kurasa zilezile zilichapwa upya katika vitabu vingi bila mtunzi kupata sehemu. Don Martin, aliyekuwa nguzo ya jarida tangu 1956, aliondoka katika miaka ya 1980 kwa sababu hiyo. Hapa pana mkinzano usiofichika: kampuni iliyopigania uhuru wa kutumia tuni za wengine iliwafungia watu wake mlango wa mali waliyoizalisha.

8. Hitimisho

Gaines alifariki mwaka 1992, na tangu 2019 Mad imejazwa zaidi na kazi za zamani zilizochapwa upya. Kilichobaki kwa mtafiti ni funzo la mbinu. Mwigo uliotimia humlazimu mwigaji kusoma kazi ya mwenziwe kwa makini kuliko mwenyewe anavyotaka isomwe, na humfundisha msomaji macho hayohayo. Ndiyo maana mwigo huogopwa. Tena historia ya Mad inaonyesha kwamba kipaji peke yake hakiulindi: unahitaji sura ambayo mdhibiti hajaifikia, fedha ambazo mchekwa hazimiliki, na sheria inayotofautisha dhihaka na wizi. Nguzo ya nne, yaani haki ya mchoraji juu ya kazi yake, haikusimamishwa. Na anayetaka kuanzisha jarida la namna hii leo, kwa lugha yoyote, afadhali aanze na hiyo.