Lishe, unene na maumivu ya neva (Turkana)

Maumivu ya neva ni ganzi, mchomo au hisia ya kuungua, hasa nyayoni, itokanayo na neva zilizodhurika. Kisukari ndicho chanzo kikuu. Unene huchangia hata kabla sukari ya damu haijapanda sana.

Wafugaji wa Turkana, kaskazini-magharibi mwa Kenya, huishi zaidi kwa maziwa, nyama na damu, vyakula vyenye vitamini B12 inayolinda neva. Utafiti wa 2020 uliwakuta Waturkana wa mijini na unene na sukari ya damu zaidi kuliko wafugaji; walioacha ufugaji wakabaki vijijini hawakutofautiana sana na wafugaji. Hatari, basi, imo katika maisha ya mjini. Kakuma, kambi ya wakimbizi tangu 1992, ina shida nyingine: mgao wa nafaka, kunde na mafuta hauna B12 usiporutubishwa, na upungufu wake nao huumiza neva.

Chakula na unene huweza pia kugusa neva kupitia bakteria wa utumbo. Mwaka huohuo wa 2020, watafiti wa Chuo Kikuu cha Loyola, Chicago, Marekani, walipandikiza bakteria wa utumbo wa panya wembamba kwa panya wanene; maumivu yakapungua. Butireti, ambayo bakteria hutengeneza kutokana na nyuzi za chakula, ilisaidia pia. Ushahidi huo ni wa panya, si tiba ya binadamu.

Mwenye ganzi ya miguu, awe mjini Lodwar au kambini Kakuma, apimwe sukari na B12 mapema.