Lee Grant na Ushahidi wa Kamera

Kitenzi kushuhudia kina maana mbili katika Kiswahili: kuliona jambo kwa macho, na kulieleza mbele ya wengine. Nimekiteua kitenzi hicho, Ndugu Mwenyekiti, kwa sababu maisha ya kazi ya Lee Grant, mwigizaji wa Marekani, yanazizungukia maana hizo mbili.

Filamu yake ya kwanza, Detective Story (1951), ilimpatia tuzo ya mwigizaji bora wa kike huko Cannes mwaka 1952. Huo ulikuwa wakati ambapo kamati ya Bunge la Marekani iliwaandama wasanii walioshukiwa kuwa wakomunisti. Grant alizungumza katika hafla ya kumkumbuka mwigizaji J. Edward Bromberg, akaihusisha kamati hiyo na kifo chake. Kisha akakataa kutoa ushahidi dhidi ya mumewe, mwandishi Arnold Manoff. Kwa takriban miaka 12 alinyimwa kazi. Aliyekataa kusema alinyamazishwa.

Ni televisheni iliyomfufua: tamthilia ya Peyton Place ilimpatia Emmy mwaka 1966. Tuzo ya Oscar kwa filamu ya Shampoo ilifuata mwaka 1976.

Wengine wangetulia hapo. Yeye akageukia uongozaji wa filamu za hali halisi (istilahi ninayoipendelea kuliko “makala”, ambayo tayari ina kazi nyingi). Katika The Willmar 8 (1981) tunakutana na wanawake wanane, wafanyakazi wa benki katika mji mdogo wa Minnesota, walioanza mgomo Desemba 1977. Walikuwa wametakiwa kumfundisha kazi kijana wa kiume, ambaye angelipwa zaidi yao na kuwasimamia. Walisimama nje ya benki katika baridi kali, na hawakushinda: bodi ya serikali ilikubali kwamba benki ilikosea, lakini ikaamua kuwa makosa hayo siyo yaliyosababisha mgomo, wakakosa fidia ya mishahara. Kwangu hii ndiyo kazi yake bora. Wanawake hao hawazungumziwi. Wanazungumza, kwa lugha yao ya kila siku, wakitafuta maneno ya kuutaja uonevu ambao hapo awali waliuita desturi.

Down and Out in America (1986) iliwapa nafasi hiyo wakulima waliopoteza mashamba Minnesota, watu wasio na makao Los Angeles, na familia zilizohifadhiwa katika hoteli chakavu za New York. Mwaka 1987 ilishinda Oscar, ikigawana ushindi na filamu nyingine. Waliopokea sanamu ni watayarishaji, Joseph Feury, mume wake wa pili, na Milton Justice; mwongozaji alikuwa Grant.