Barafu ya Mpemba kwenye friza ya jirani

Niko Dodoma, mji ambao vumbi lake mwezi huu linaingia mpaka kwenye chai. Najua nimepotea kwa muda. Bunge lilikuwa linakaa, na mwandishi wa Dodoma wakati wa Bunge ni kama mama lishe saa saba mchana, hata pa kuweka kiuno hana. Samahani sana kwa ukimya.

Leo nina kisa cha nyumbani. Mpwa wangu yuko darasa la sita. Jumapili ya juzi aliazima simu yangu "dakika tano tu Mjomba", maneno ambayo kila mnunuzi wa bando anajua maana yake. Akakuta video inayosema Mtanzania mmoja aligundua kwamba maji ya moto huganda upesi kuliko ya baridi, na kwamba anaitwa Mpemba. Akaniuliza kama ni mtu wa Pemba. Nikamwambia hapana, hilo ni jina lake tu, Erasto Mpemba. Nilipogeuka hayupo. Alikuwa kwa jirani yetu anayeuza barafu za ubuyu, anabembeleza nafasi kwenye friza. Akaweka vikombe viwili, kimoja maji ya moto, kingine ya bomba. Baada ya saa moja na nusu akarudi amenuna. Ya bomba yalikuwa yameanza kushika barafu. Ya moto yalikuwa maji matupu.

"Mjomba, kwa hiyo alidanganya?"

Ninyi mngemjibuje? Mimi fizikia niliiaga kidato cha pili nikaenda zangu kwenye historia, na huko nikafundishwa kwamba ukikwama urudi kwenye maandishi ya mhusika. Bahati nzuri Mpemba aliandika mwenyewe yaliyomkuta, na ukitafuta mtandaoni unayapata. Tukakaa na mpwa wangu jioni, mimi nasoma Kiingereza, namsimulia kwa Kiswahili.

Mwaka ni 1963. Mpemba yuko kidato cha tatu, Sekondari ya Magamba, kule milimani Lushoto. Vijana walikuwa na mazoea ya kujitengenezea aisikrimu. Unachemsha maziwa, unatia sukari, unasubiri yapoe, ndipo unaweka kwenye friji. Nafasi chache, vijana wengi. Siku hiyo kanunua maziwa kwa akina mama wa pale, anayachemsha, mara anamwona mwenzake anakoroga maziwa na sukari bila kuchemsha na kuwahi friji. Akaona akingoja yapoe imekula kwake. Akaamua liwalo na liwe, akayaweka yakiwa ya moto, huku akijua anaweza kuiua friji ya watu. Saa moja na nusu baadaye yake yalikuwa yameganda. Ya mwenzake yalikuwa bado uji.

Akamwuliza mwalimu wa fizikia. Jibu: umechanganyikiwa wewe, haiwezekani.

Wengi wanaosimulia kisa hiki wanaruka kipande kinachofuata, na mimi ndicho kilichonikamata. Alikuwa na rafiki yake aliyetengeneza na kuuza aisikrimu Tanga mjini. Huyo akamwambia kwamba wao huweka mchanganyiko ukiwa wa moto makusudi, kwa sababu unawahi kuganda. Yaani mtaani walikuwa wanajua! Ila mtaani hakuna anayeandika ripoti.

Akaenda kusoma Mkwawa, Iringa. Wakafika kwenye kanuni ya Newton ya namna vitu vinavyopoa, akauliza tena swali lile lile. Mwalimu akambeza kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si ya ulimwengu. Darasa likaidaka. Tangu siku hiyo akikosea kidogo tu, hata kwenye hesabu, anazomewa kwamba hizo ni hesabu za Mpemba. (Nani kati yetu hajakaa kwenye darasa la namna hiyo? Na tuwe wakweli, mara nyingi tulikuwa upande wa wanaozomea.) Siku moja akakuta maabara ya baiolojia iko wazi na hakuna mtu. Akachukua bika mbili ndogo, akatia moja maji ya bomba na nyingine maji ya moto, akaziweka kwenye friji. Baada ya saa moja hazikuwa zimeganda zote, lakini ile ya maji ya moto ilikuwa na barafu nyingi zaidi.

Ndipo akaja Dk. Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam, wakati ambapo chuo chetu kikuu kilikuwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Alikuja Mkwawa kuzungumza na wanafunzi, na mwisho akaruhusu maswali. Mpemba akasimama: ukiwa na maji ya nyuzi 35 na ya nyuzi 100, ukayaweka kwenye friji pamoja, kwa nini yale ya 100 yanaganda kwanza? Hebu fikirieni ujasiri wa kusimama tena na swali ambalo tayari limekufanya kichekesho cha shule. Osborne alitabasamu, akataka lirudiwe, akauliza kama kweli amejaribu. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alisema atakwenda kulijaribu.

Akalijaribu kweli. Fundi wa maabara pale chuoni akafanya, akaleta habari kwamba maji ya moto ndiyo yaliyotangulia kuganda, kisha akaahidi kuendelea kurudia mpaka apate jibu sahihi! Mpwa wangu alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilicheka kidogo tu, kwa sababu namwelewa yule fundi.

Mwaka 1969 Mpemba na Osborne wakachapisha makala yao katika jarida la Physics Education la Uingereza. Wakati huo Mpemba alikuwa amehamia kwenye masomo ya wanyamapori, na huko ndiko alikofanyia kazi maishani. Jambo lenyewe lilikuwa la kale, Aristotle aliligusa na Francis Bacon pia, lakini jina lililobaki ni la kijana wa Magamba.

Sasa turudi kwenye simu yangu. Mimi si mpinzani wa mtandao. Tangu waya wa SEACOM ulipofika Dar mwaka 2009 nimeona vitu ambavyo sisi tusingeviota. Kuna majaribio ya PhET, yaliyoanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman wa Chuo Kikuu cha Colorado, ambayo mtoto anapasha maji kwa kidole na kuona chembe zikirukaruka, na mengine yametafsiriwa kwa Kiswahili. Kuna Shule Direct ya hapa hapa nyumbani, tangu 2013. Kwa shule ya kata ambayo haina hata bika hii si anasa. Mnakumbuka michango ya maabara za kata enzi za Rais Kikwete, maabara tatu kila shule, na tarehe ya mwisho iliyosogezwa mpaka Juni 2015? Majengo mengi yalisimama. Vifaa ndiyo hadithi nyingine.

Lakini jaribio la kwenye skrini limeandikwa na mtu anayelijua jibu. Ukitengeneza friji ya kwenye kompyuta ukaipa kanuni ya Newton peke yake, maziwa ya moto yatashindwa kila siku, mara elfu kati ya elfu. Mle ndani yule fundi wa Dar angepata jibu lake sahihi mara ya kwanza, na Mpemba asingekuwa na la kuuliza. Alichokuwa nacho ni friji inayogombaniwa na maabara iliyosahaulika wazi. Skrini inaweza kumletea mpwa wangu Osborne wa aina fulani, tena usiku wa manane. Friza imebidi aiombe kwa jirani.

Hapo lile swali lake likarudi. Alidanganya? Ilinibidi nimwambie ukweli wote, ingawa kama Mtanzania iliniuma kidogo. Mwaka 2012 chama cha wanakemia cha Uingereza, Royal Society of Chemistry, kilitoa zawadi ya pauni 1,000 kwa maelezo bora ya jambo hili. Yakaja majibu zaidi ya 22,000, akashinda Nikola Bregović wa Croatia, na bado watu hawakukubaliana. Wako wanaosema ni mvuke unaopunguza maji, wengine hewa iliyoyeyuka ndani yake, wengine mzunguko wa maji kwenye chombo. Mwaka 2016 Burridge na Linden wakaandika kwamba wamepima na hawakuiona, na kwamba kusogeza kipimajoto sentimita moja tu kunatosha kukupotosha. Kisha mwaka 2020 Kumar na Bechhoefer wa Canada wakaionyesha waziwazi, ila kwa chembe ndogo sana ndani ya maji, si kwa maji yenyewe kuganda.

"Kwa hiyo hawajui?"

"Hawajakubaliana."

Akanyamaza. Nilidhani nimemharibia shujaa wake. Kumbe alikuwa anapanga. Akasema vikombe vyake havikuwa sawa, kimoja cha bati kimoja cha plastiki, na kile cha moto kilikaa juu ya barafu za ubuyu za mama jirani, na hakupima chochote. Akataka kipimajoto. Nikamnunulia kile cha kioo, cha maabara.

Jumamosi amechemsha maji, akakitumbukiza, akangoja. Kikapanda mpaka 96, kikagoma. Kitabu chake kinasema 100.

"Mjomba, umeuziwa kibovu."

Dodoma iko mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari. Iringa iko juu zaidi, na hata zile nyuzi 100 za Mpemba zisingefika Mkwawa. Sijamwambia. Nimemwambia achemshe tena, na sasa hivi ninapoandika yuko jikoni, sufuria ya tatu, na gesi ni yangu.