Ukiiwasha, Subiri

Ukiwasha amplifaya ya valvu, zile chupa za kioo zenye waya mwekundu ndani, utangoja kama nusu dakika ndipo isikike. Kathodi haitoi elektroni mpaka ipate moto. (Nasi tunalalamika kompyuta inachelewa kuwaka!)

Tommy Flowers, mhandisi wa simu wa Posta ya Uingereza, alipotaka kujenga mashine ya valvu zaidi ya 1,500 ya kufumbua siri za Wajerumani, wakubwa walikataa kuamini: zitaungua kila mara. Yeye alishajifunza kwenye simu kwamba valvu huumia hasa zikiwashwa na kuzimwa. Mwaka 1944 Colossus ilianza kazi Bletchley Park, ikaachwa bila kuzimwa.

Ya sebuleni lakini izime ukimaliza. Kathodi nayo huchakaa, na umeme unalipiwa.