Wapangaji Waliokutangulia

Ukinunua laptopu mpya leo na kuiwasha kwa mara ya kwanza, utakuta watu wameshaingia. Sio wao wenyewe, ni programu zao. Kuna antivairasi inayokuhesabia siku 30. Kuna Office ya majaribio inayosubiri namba ya kadi yako ya benki. Kuna duka la mtengenezaji, kuna mchezo wa kupanga peremende, na kuna kivinjari kinachokuomba ukifanye chako cha kila siku kwa ung'ang'anizi wa makanga aliyebakisha kiti kimoja. Hakuna hata mmoja uliyemwitisha. Wewe ndiye umelipa, lakini wao ndio waliofika mapema.

Wengi wetu huchukulia huu kama uchafu wa kawaida, kama vumbi kwenye nyumba mpya. Mimi naona ni historia. Karibu kila aikoni pale iliwekwa na mkataba kati ya kampuni mbili ambazo hazikukuuliza chochote. Swali la nani anaamua kilicho kwenye skrini yako ya kwanza limepiganiwa kwa zaidi ya miaka 40, na limefika mbele ya majaji Marekani na Ulaya. Kitufe cha "ondoa" unachobofya bila kufikiria kiko pale, kwa sehemu fulani, kwa sababu ya vita hivyo.

Tuanzie 1980. IBM, jitu la kompyuta za maofisini wakati huo, ilikuwa inaunda kompyuta ndogo ya mezani na ilihitaji mfumo endeshi. Ikaenda kwa Microsoft, kampuni changa ya Bill Gates na Paul Allen, ambayo haikuwa na mfumo wa aina hiyo. Microsoft iliupata kwa Seattle Computer Products, kampuni ambako Tim Paterson alikuwa ameuandika, kwa bei isiyofika dola 100,000. Ikaurekebisha, ikaipa IBM. Kompyuta ilizinduliwa Agosti 1981.

Ujanja wenyewe haukuwa kwenye programu. Ulikuwa kwenye mkataba. Microsoft ilibaki na haki ya kuuzia kampuni nyingine mfumo uleule. Kompyuta za kuiga IBM zilipofurika sokoni, karibu kila moja ilihitaji MS-DOS. Gates na wenzake walikuwa wamegundua jambo ambalo bado linaendesha biashara hii: huna haja ya kumshawishi mnunuzi mmoja mmoja dukani. Ongea na mtengenezaji, na mnunuzi ataipokea programu yako kama anavyopokea chaja.

Kisha masharti yakakaza. Katika miaka ya mwisho ya 1980 na mwanzo wa 1990, Microsoft iliwapa watengenezaji leseni ya kulipa kwa kila prosesa. Maana yake ni kwamba mtengenezaji alilipia MS-DOS kwa kila mashine aliyoiuza, iwe ina MS-DOS au haina. Akitaka kumwekea mteja mfumo wa mshindani, kama DR-DOS, atalipa mara mbili. Nani atafanya hivyo? Ushindani ulikuwa halali kwenye karatasi na hauwezekani kwenye hesabu. Mnamo Julai 1994 Wizara ya Haki ya Marekani na Microsoft walifikia makubaliano yaliyopiga marufuku leseni za namna hiyo. Lakini kufikia hapo mbio zilikuwa karibu zimeisha.

Mwaka uliofuata ikaja Windows 95, na intaneti ikabisha hodi. Kivinjari kilichopendwa na wengi kilikuwa Netscape Navigator. Microsoft ilikuwa na chake, Internet Explorer, ambacho ilikitoa bure na kukifunga ndani ya Windows. Sasa sikia kisa cha Compaq, kampuni iliyokuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa kabisa wa kompyuta duniani. Kwenye mashine zake za Presario, Compaq iliondoa aikoni ya Internet Explorer na kuweka ya Netscape. Mnamo 1996 Microsoft iliiandikia barua: tutakukatizia leseni ya Windows. Compaq bila Windows ni duka la vyuma. Aikoni ikarudishwa.

Aikoni moja. Picha ndogo kuliko ukucha. Kisa hicho kiliingia kwenye ushahidi wa kesi iliyofunguliwa Mei 1998 na Wizara ya Haki pamoja na majimbo 20, na Jaji Thomas Penfield Jackson akakiandika katika matokeo yake ya Novemba 1999. Mwaka 2000 aliamuru Microsoft ipasuliwe iwe kampuni mbili. Mahakama ya Rufaa ilitupa amri hiyo 2001, lakini ikakubali kwamba kampuni ilikuwa imevunja sheria kulinda ukiritimba wake. Ikaishia kwenye maafikiano: watengenezaji wa kompyuta wawe huru kuweka programu za watu wengine na kuficha baadhi ya aikoni za Microsoft.

Soma sentensi hiyo tena, kwa sababu hapo ndipo kwenye utamu na uchungu wa hadithi yote. Uhuru ulipatikana, lakini haukuja kwako. Ulienda kwa mtengenezaji. Na mtengenezaji alipopewa funguo za skrini ya kwanza, alifanya ambacho landilodi yeyote angefanya. Aliipangisha.

Wanunuzi walikuwa wameshajaribu kudai haki yao kivyao. Leseni ya Windows ya wakati huo ilisema kwamba ukiikataa unaweza kurudisha programu na kurejeshewa pesa. Basi tarehe 15 Februari 1999, watumiaji wa Linux waliandamana hadi ofisi za Microsoft huko Foster City, California, kudai pesa za Windows ambayo hawakuiwasha hata siku moja. Waliambiwa hilo ni suala kati yao na watengenezaji. Watengenezaji nao, kwa wengi waliojaribu, walikuwa wamewaelekeza kwa Microsoft. Yeyote aliyewahi kuzungushwa kutoka dirisha namba 3 hadi namba 7 anaijua safari hiyo.

Katika miaka ya 2000 bei za laptopu zilishuka sana, na faida ya kila mashine ikashuka nayo. Pesa za wapangaji zikawa sehemu ya mshahara wa mtengenezaji. Kampuni ya antivairasi inalipa ili iwe ya kwanza kukutisha, na yule wa toleo la majaribio analipa akijua kwamba baadhi ya watu wataendelea kulipia ili tu ujumbe uache kujitokeza. Mnamo 2008 Sony ilifikia hatua ya kutoza karibu dola 50, kwa baadhi ya laptopu zake za Vaio, ili ikuletee mashine isiyo na programu hizo za ziada. Yaani ulipie usafi. Watu walipiga kelele na ada ikafutwa haraka, lakini siri ilishatoka: usafi wa skrini yako ulikuwa na bei, na mtu fulani alikuwa ameshaulipia kabla yako.

Kisha mpangaji mmoja akaanza kufungua barua za wenye nyumba. Mwishoni mwa 2014 Lenovo ilikuwa ikiuza laptopu zenye programu iitwayo Superfish, kazi yake ikiwa kupachika matangazo kwenye kurasa unazofungua. Ili ifaulu hata kwenye kurasa zilizolindwa, kama za benki, ilijiweka katikati yako na tovuti kwa kutumia cheti chake chenyewe cha usalama. Mbaya zaidi, ufunguo wa siri wa cheti hicho ulikuwa uleule kwenye mashine zote. Jambo hilo lilipofichuka Februari 2015, haikuchukua muda wataalamu kuupata. Yeyote aliyekuwa nao, akiwa kwenye Wi-Fi moja na wewe, angeweza kujifanya benki yako na kivinjari chako kikaitikia vizuri tu. Mwaka 2017 Lenovo iliafikiana na FTC, tume ya Marekani inayolinda wateja, na kukubali kulipa majimbo 32 dola milioni 3.5.

Mwaka huohuo wa 2015 likajulikana jingine. Kuna njia, iliyowekwa na Microsoft yenyewe tangu enzi za Windows 8, inayoruhusu chipu iliyo kwenye mothabodi kuipa Windows programu ya kuendesha inapowaka. Lenovo iliitumia kwenye baadhi ya laptopu. Ungefuta diski yote, uweke Windows safi kabisa, na programu ya mtengenezaji ingerudi yenyewe. Lenovo ilitoa masasisho ya kuiondoa. Ila fikiria maana yake. Umemfukuza mpangaji, umebadilisha kufuli, umepaka rangi, kumbe ana mlango wake kwenye msingi wa nyumba.

Sasa turudi Nairobi, kwa sababu hapa hadithi ina mkondo wake. Wengi wetu hatukuanzia kwenye laptopu mpya. Tulianzia ex-UK, mashine iliyostaafu kwenye ofisi fulani Uingereza, ikafutwa, ikavuka bahari, ikaishia kwenye kioo cha duka katikati ya jiji. Mimi nimeandikia hizo miaka yote tangu niache chuo. Hazina wapangaji wa kiwandani. Zina wapangaji wa fundi. Yeye ndiye anayeamua kwamba utakuwa na VLC, kwamba kivinjari chako ni Chrome, kwamba utakuwa na Office ambayo hakuna anayeuliza leseni yake ilitoka wapi. Mara nyingi anakusaidia kweli. Lakini kile kijiprogramu cha kuvunjia leseni kimeandikwa na mtu usiyemjua na kimepewa ruhusa zote za mashine yako. Ukarimu wa fundi na mkataba wa kiwandani vinafanana kwa jambo moja: chaguo lilifanyika kabla hujafika.

Kwa hiyo nilipopata hatimaye laptopu mpya, niliipa jioni nzima kabla ya kuandika neno moja. Maswali ya mwanzo kuhusu mahali nilipo, matangazo na taarifa za matumizi niliyajibu hapana, moja baada ya jingine, maana jibu lililotangulizwa huwa ni ndiyo. Wi-Fi ya simu yangu niliiwekea alama kwamba ina kipimo, ili Windows isijishushie vitu inavyotaka. Hili si dogo kwetu. Tangu Windows 10 ya 2015, michezo kama Candy Crush imekuwa ikipachikwa kwenye menyu za watu, na baadhi ya programu hizo za kupendekezwa zilipakuliwa baada ya mtu kuwasha mashine. Mjini San Francisco hiyo ni kero. Kwa anayenunua data ya shilingi hamsini hamsini, hilo ni tangazo ulilolilipia wewe.

Kisha nikafungua orodha ya programu zilizosakinishwa na kuisoma yote kama rejista ya wapangaji. Antivairasi ya majaribio iliondoka, na ile ya Windows yenyewe, ambayo hujitoa kazini ikiona nyingine, ikarudi zamu. Ofa na majaribio yakafuata. Draiva sikuzigusa, wala programu ya mtengenezaji inayoleta masasisho ya mothabodi, kwa sababu si kila aliyetangulia ni adui. Na kwa anayetaka kuanza upya kabisa, habari njema ni kwamba tangu Windows 8 ufunguo wa leseni kwa kawaida hukaa ndani ya mashine yenyewe. Unaweza kuweka Windows safi kutoka kwa flashi uliyoiandaa kwa faili za Microsoft, na leseni ikajitambua bila kudukua chochote.

Lakini tusijidanganye kwamba kitufe cha kuondoa kinatosha. Mwaka 2004 Tume ya Ulaya iliitoza Microsoft faini ya euro milioni 497 na kuiamuru itoe Windows isiyo na Media Player. Ilitolewa. Bei ileile, kitu kimoja pungufu. Karibu hakuna aliyeinunua. Nguvu ya kutangulia haitokani na kukulazimisha. Inatokana na kujua kwamba umechoka, una kazi ya kuwasilisha kesho, na utaacha mambo yalivyo.

Hata lugha ni mpangaji wa kwanza. Desemba 2004, watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na washirika wao kutoka Sweden walitoa Jambo OpenOffice, programu kamili ya ofisini kwa Kiswahili, bure. Microsoft nayo ilikuja kutoa kifurushi cha Kiswahili cha Windows. Vyote vilikuwa vitu vya kutafuta na kuongeza mwenyewe. Laptopu nyingi zinazouzwa Nairobi huwaka kwa Kiingereza, na sisi tunasema tu kwamba ndivyo kompyuta zilivyo. Sivyo. Ndivyo mtu fulani alivyochagua, mapema, akijua wachache watabadilisha.