Uanahabari wa michezo: Yanayofunzwa chuoni kabla ya kipenga kupulizwa

MZAZI anayeambiwa na mwanawe kwamba anataka kwenda chuo kikuu kusomea uanahabari wa michezo huwa na swali moja: je, kuna haja ya kulipa karo ya miaka minne ili mtu aje kueleza nani kafunga bao?

Swali hilo si la kipuuzi. Nchini Kenya, karo ya mtoto mmoja huweza kumeza ng'ombe, kipande cha shamba na mkopo wa chama. Aidha, baadhi ya sauti zilizopendwa mno katika utangazaji wa kandanda hazikutokana na shahada za michezo. Marehemu Leonard Mambo Mbotela, aliyeaga dunia Februari 7, 2025, alikuzwa kitaaluma na studio za Sauti ya Kenya na viwanja vya soka, wakati ambapo taifa lilikuwa changa na vyuo vya uanahabari vikihesabika kwa vidole.

Hata hivyo, michezo yenyewe imebadilika. Mwandishi wa leo hukumbana na kesi za matumizi ya dawa haramu, mikataba ya wachezaji, fedha za mashirikisho, upangaji wa matokeo na takwimu. Kujua nani kafunga bao hakutoshi tena.

Taaluma ilikotoka

Uanahabari wa michezo si mtoto wa jana. Shirikisho la Kimataifa la Wanahabari wa Michezo (AIPS) lilibuniwa jijini Paris mwaka wa 1924, mwaka huo huo ambapo jiji hilo lilikuwa mwenyeji wa Michezo ya Olimpiki. Kuhusu mafunzo ya uanahabari kwa jumla, Chuo Kikuu cha Missouri, Marekani, kilifungua kitivo chake mwaka wa 1908.

Vyuo kuutenga uandishi wa michezo kama somo linalojitegemea ni jambo la juzi. Chuo Kikuu cha Penn State nchini Marekani kilianzisha kituo chake cha uanahabari wa michezo mwaka wa 2003, na Indiana kikafuata mwaka wa 2009. Nchini Uingereza, vyuo kadhaa hutoa shahada kamili katika fani hii. Huko, baraza la mafunzo ya wanahabari lililoanzishwa mwaka wa 1951 bado huwafunza wanafunzi hatimkato, na kasi inayothaminiwa ni maneno 100 kwa dakika. Kinasa sauti huweza kuzima. Kalamu haiishiwi na chaji.

Nchini Kenya, Taasisi ya Mawasiliano ya Umma (KIMC) ilianza mwaka wa 1961, nacho Chuo Kikuu cha Nairobi kikaanzisha mafunzo ya uanahabari mwaka wa 1970. Leo vyuo vingi vya umma na vya kibinafsi hufunza uanahabari na mawasiliano. Wengi wa waandishi wa michezo nchini walipitia kozi hizo za jumla, kisha wakajifunza mengine uwanjani. Kwa hivyo, mwanafunzi asikate tamaa asipoliona neno "michezo" katika jina la kozi. La muhimu ni kuangalia yaliyomo.

Yanayofundishwa darasani

Kozi nzuri husimama juu ya nguzo kadhaa. Ya kwanza ni uandishi wa habari. Ripoti ya mechi huonekana rahisi hadi pale mhariri anapotaka maneno 400 mara tu kipenga cha mwisho kinapolia. Mwanafunzi hufunzwa kuandika mwili wa taarifa mchezo ukiendelea, kisha kuuwekea kichwa mwishoni. Katika mechi ngumu, mwandishi mzoefu huwa na aya mbili za kwanza tayari: moja ya ushindi, nyingine ya sare. Bao la dakika ya 90 likiingia, hulazimika kuzitupa zote mbili na kuanza upya, huku gazeti likisubiri kwenda mitamboni.

Nguzo ya pili ni utangazaji. Mtangazaji wa redio ndiye macho ya msikilizaji. Hana budi kusema mpira uko wapi, uko kwa nani na unaelekea upande gani. Matokeo na dakika zilizosalia huyataja mara kwa mara, kwa kuwa kuna msikilizaji aliyewasha redio sasa hivi. Mtangazaji wa televisheni hutakiwa kinyume chake. Mtazamaji anaona mwenyewe, hivyo maneno yawe machache na yaeleze kile ambacho picha haisemi. Wanaochanganya kazi hizi mbili huwachosha watazamaji.

Nguzo ya tatu ni mahojiano. Baada ya mechi au mbio, wachezaji hupitia njia maalumu ambako wanahabari husubiri nyuma ya kizuizi. Mwandishi hupata sekunde chache tu. "Unajisikiaje?" ni swali linalozaa jibu la "nafurahi sana". Swali la kwa nini mkimbiaji aliongeza kasi zikisalia mita 300 badala ya 200 huzaa habari.

Hesabu na sayansi

Wanafunzi wengi hukimbilia uanahabari wakidhani wameikwepa hisabati. Katika michezo, hisabati huwafuata hadi uwanjani.

Chukua mfano wa marathoni, mbio za kilomita 42.195. Oktoba 12, 2019, jijini Vienna, Eliud Kipchoge alitumia saa 1:59:40, wastani wa takriban dakika 2 na sekunde 50 kwa kila kilomita. Oktoba 8, 2023, jijini Chicago, Kelvin Kiptum alitumia saa 2:00:35, wastani wa takriban dakika 2 na sekunde 51 na nusu. Asiyesoma angeandika kwamba Kiptum alishindwa kuifikia rekodi ya dunia ya Kipchoge. Hilo lingekuwa kosa kubwa. Ya Vienna haikuwa rekodi rasmi. Hayakuwa mashindano ya wazi, wadhibiti kasi waliingia na kutoka kwa zamu, na vinywaji vililetwa kwa baiskeli. Rekodi rasmi aliyoivunja Kiptum ni saa 2:01:09, ambayo Kipchoge aliiweka jijini Berlin mwaka wa 2022. Shirikisho la Riadha Duniani liliidhinisha muda wa Kiptum mapema Februari 2024, siku chache kabla ya mwanariadha huyo kufariki katika ajali ya barabarani Februari 11.

Kadhalika, mwanafunzi huhitaji msingi wa sayansi ya mwili: mazoezi ya nyanda za juu kama Iten yana faida gani, jeraha la kano huchukua muda gani kupona, na kwa nini mchezaji aliyegongwa kichwa hapaswi kurudishwa uwanjani kwa sababu tu ameweza kusimama.

Sheria na maadili

Hapa ndipo tofauti kati ya shabiki na mwanahabari hudhihirika zaidi.

Katika kesi za dawa zilizopigwa marufuku, maarufu kama pufya, neno moja laweza kuliangamiza jina la mtu au kulifikisha gazeti mahakamani. Mwanariadha aliyesimamishwa kwa muda bado hajapatikana na hatia. Sampuli hugawanywa katika sehemu mbili, A na B, na mwanariadha ana haki ya kudai ya pili ipimwe. Isitoshe, si kila anayeadhibiwa alipatikana na dawa mwilini: kukosa kupimwa au kutotoa taarifa sahihi za mahali alipo mara tatu katika kipindi cha miezi 12 pia ni kosa. Mwandishi sharti ajue kazi ya Shirika la Kukabiliana na Pufya Nchini (ADAK), lililowekwa kisheria mwaka wa 2016, na ile ya Kitengo cha Maadili ya Riadha (AIU), kilichoanza mwaka wa 2017. Sharti ajue vilevile Jopo la Mizozo ya Michezo lililobuniwa chini ya Sheria ya Michezo ya 2013, na Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo iliyoko Lausanne, Uswisi.

Kuna pia Katiba ya 2010, ambayo kifungu chake cha 34 hulinda uhuru wa vyombo vya habari, na Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya 2013 inayosimamia maadili ya taaluma na uidhinishaji wa wanahabari.

Maadili hujaribiwa kwa mambo madogo: nauli inayolipwa na klabu, chakula cha shirikisho, bahasha baada ya kikao na wanahabari, au safari ya ng'ambo inayofadhiliwa na yule yule anayepaswa kuchunguzwa. Kampuni za kamari zimeongeza mtihani mwingine. Mwandishi anayejua kwamba nyota wa timu ni mgonjwa ana habari yenye thamani ya fedha. Chuo hakiwezi kumfanya mtu mwaminifu, ila chaweza kumwonyesha shimo kabla hajalifikia.

Habari zilizo nje ya uwanja

Mwanahabari wa Uingereza, Andrew Jennings, aliyefariki mwaka wa 2022, alitumia miaka mingi kufukua ufisadi katika Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki na FIFA, kabla ya maafisa wa soka kukamatwa jijini Zurich Mei 2015. Nchini Ghana, filamu ya uchunguzi ya Anas Aremeyaw Anas na wenzake mwaka wa 2018 ilimng'oa rais wa shirikisho la soka la nchi hiyo. Mmoja wa waliofanya kazi naye, Ahmed Hussein-Suale, aliuawa kwa kupigwa risasi jijini Accra Januari 2019. Anayedhani kwamba ukurasa wa michezo ni mahali pa mzaha akumbuke hilo.

Kenya nayo ina yake. Septemba 2021, Agnes Tirop aliweka rekodi ya dunia ya kilomita 10 katika mbio za wanawake pekee nchini Ujerumani. Mwezi uliofuata alipatikana ameuawa kwa kudungwa kisu nyumbani Iten. Waliokuwa wamezoea kuandika muda na nafasi walijikuta wakiandika kuhusu dhuluma za kijinsia, mali ya wanariadha wa kike na wanaume wanaojificha nyuma ya jina la kocha au mume. Habari hiyo haikuzuka siku moja. Ilikuwapo kambini, ikisubiri mwandishi wa kuuliza swali ambalo haliishii kwenye saa ya kupimia mbio. Septemba 2024, mwanariadha wa Uganda, Rebecca Cheptegei, alifariki katika hospitali mjini Eldoret baada ya kumwagiwa petroli na kuchomwa moto, na swali lile lile likarudi.

Hii ndiyo sababu kozi bora huwapeleka wanafunzi katika sosholojia, uchumi na historia. Anayejua kwamba Wilson Kiprugut Chuma aliiletea Kenya nishani yake ya kwanza ya Olimpiki jijini Tokyo mwaka wa 1964 huona safari ya taifa zima nyuma ya nishani ya leo.

Nafasi ya Kiswahili

Msamiati wa michezo ni hazina ambayo wengi huidhania kuwa rahisi. Kuna mlinda lango, kiungo, mkwaju wa penalti na kuotea. Kuna mbio za nyika, mbio za kupokezana vijiti na kuruka viunzi na maji. Mwandishi anayetegemea maneno matatu ya kusifu humaliza akiba yake kabla ya mapumziko. Kusoma magazeti, kusikiliza watangazaji wa Kenya na Tanzania na kujifunza fasihi humpa mwanafunzi ufasaha usionunuliwa. Aidha, methali na tamathali zina kiasi chake: zikizidi, mpira hupotea ndani ya maneno.

Masharti na maandalizi

Kwa wanaofanya mtihani wa KCSE, kiwango cha chini cha kujiunga na shahada ni wastani wa C+, na vyuo hutaka pia alama nzuri katika Kiingereza au Kiswahili. Asiyefikia kiwango hicho anaweza kuanzia stashahada na kupanda ngazi. Chini ya mtaala wa umilisi, sekondari ya juu ina mikondo mitatu, mmoja wao ukiwa wa sanaa na sayansi ya michezo. Hata hivyo, mwanafunzi wa mkondo wa sayansi ya jamii pia ana msingi mzuri wa kazi hii.

Kabla ya kulipa karo, mzazi na mwanafunzi waulize maswali haya: Je, kozi imeidhinishwa? Chuo kina studio inayofanya kazi, au picha yake tu kwenye kijitabu? Kina redio au gazeti la wanafunzi? Mafunzo ya nyanjani huchukua muda gani? Miongoni mwa wahadhiri, kuna aliyewahi kufanya kazi katika chumba cha habari?

Mwanafunzi mwenyewe asisubiri kuitwa. Mashindano ya shule za sekondari, ligi za mitaani na mbio za nyika za kaunti hayana waandishi wa kutosha. Anayeripoti mechi 20 za uwanja wa vumbi kabla ya kufuzu huwa na kitu cha kumwonyesha mhariri. Zaidi ya hayo, huko ndiko nyota huanzia, na mchezaji hamsahau aliyemwandika akiwa bado hana viatu.

Ajira

Ukweli usemwe: nafasi za kudumu katika magazeti na vituo vya utangazaji ni chache, na wengi huanza kwa kulipwa kwa kila taarifa. Kwa upande mwingine, klabu, mashirikisho, kampuni za udhamini na mitandao huhitaji watu wanaojua kuandika, kupiga picha, kuhariri video na kusoma takwimu. Kenya, Tanzania na Uganda ziliandaa kwa pamoja fainali za CHAN Agosti 2025, na Septemba 2023 zilikuwa zimepewa haki ya kuandaa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027. Mashindano ya kiwango hicho huhitaji wanahabari wa hapa hapa, wanaoujua mchezo, watu na lugha.

Turudi kwa mzazi na karo yake. Anayetaka kueleza tu nani kafunga bao hahitaji chuo kikuu, kwa kuwa shabiki mwenye simu atamtangulia. Anayetaka kueleza bao lilitokana na nini, lililipiwa na nani, na kwa nini mfungaji hajapokea mshahara kwa miezi mitatu, ana mengi ya kusoma.